Walioimba Ng'ambo

Lwitiko Kyando hakuwa na mke, kwa kuwa Gwantwa alizikwa miaka sita iliyopita. Hakuwa na mtoto jimboni; wote wawili walihamia pwani, na barua zao zilikuwa fupi kama risiti. Hakuwa na mgeni. Hakuwa na kiti cha pili mezani, maana alikipeleka stoo siku aliyochoka kukitazama. Hakuwa na mbwa wala ugomvi na jirani, na ukweli ni kwamba hakuwa na jirani anayemfahamu vya kutosha kugombana naye. Shahada ya chuo hakuwa nayo pia. Hesabu zake zote alizipata katika masomo ya jioni, vumbi la kiwanda cha mbao likiwa bado masikioni. Na katika miaka thelathini na moja ya kazi, hakuwahi kuwa na sahani hata moja iliyokosea.

Hilo la mwisho ndilo alilojivunia. Hayo mengine aliyachukulia kuwa ni uzee.

Sahani zenyewe zilikuwa za chuma, pana kama sinia la wali, zimelazwa sawasawa na ardhi. Zilikuwa darajani, sokoni, kwenye mlango wa zahanati, na chini ya kila bomba, pale ndoo inapokaa. Ndani ya kila moja kulikuwa na ganda jembamba la jiwe la kioo. Kisigino kikitua, jiwe hubanwa, na likibanwa hutoa umeme mdogo, mdogo kuliko ule unaorusha mkono ukigusa blanketi la sufu wakati wa baridi. Hakuna watu wawili wanaotembea namna moja. Ukipiga hatua ya tatu sahani imeshakujua wewe ni nani, imeshakata tozo katika kasha lako la fedha, na taa ya kijani imeshawaka. Kasha likiwa tupu, taa haiwaki na kizuizi hakifunguki.

Hivyo ndivyo Jimbo la Nyalumbu lilivyopata fedha za barabara, shule na dawa. Kodi ya mapato ilifutwa miaka arobaini iliyopita. Mpakani palisimamishwa jiwe lililoandikwa kwa herufi kubwa: HAPA HUULIZWI UNACHOPATA. Ikatungwa na Sheria ya Staha, iliyokataza mtu yeyote, awe karani au jirani, kumuuliza mwenzake kipato chake. Sheria ikageuka tabia, tabia ikageuka adabu. Mume akawa hajui mshahara wa mkewe. Kisha na rambirambi zikafa, kimyakimya, bila mtu kuzikataza, maana kumpa mfiwa fedha ni sawa na kumwambia najua huna. Huo ulikuwa utovu wa adabu mkubwa.

*

Kila mwaka, kabla ya siku ya kwanza ya Julai, Fundi Mkuu wa Vipimo alipaswa kuzijaribu sahani zote na kutia saini Cheti cha Usawa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwa Lwitiko. Alikuwa na miaka sitini na sita, na kiinua mgongo chake kilikuwa tayari.

Daraja la Mto Lufwa aliliacha mwisho, kama kawaida. Upande mmoja wa mto ni Mlimani, penye ofisi, nyumba za wageni na makaburi. Upande wa pili ni Bondeni, wanakokaa wafuaji, wachoma matofali na wabeba mizigo. Lwitiko alivaa viatu vya kupimia, vya chuma, kila kimoja kilo kumi na mbili, akatia ufunguo katika nguzo ya daraja na kuuzungusha. Taa zikawa za njano. Maana yake sahani zinapima lakini hazitozi. Katika muda huo hata ng'ombe mia wangevuka bure.

Alikuwa amevuka mara nne kati ya sita aliposikia kuimba. Msiba ulikuwa unakuja kutoka Bondeni, jeneza mbele, watu kama sitini nyuma.

"Nisije nikawazuia," alijisemea.

Akaharakisha. Mizunguko miwili iliyobaki aliikimbia, na mtu aliyewahi kukimbia na chuma miguuni peke yake ndiye atakayejua alichofanya. Jasho likimtiririka, akaandika vipimo, akavua viatu, akachomoa ufunguo, akasogea kando na kuvua kofia. Taa za njano zikazimika, sahani zikarudi kutoza.

Wabebaji wanne wakakanyaga sahani. Kwenye kioo cha nguzo yakatokea majina yao manne, na chini yake neno MZIGO, kilo tisini na moja. Wakapita. Mmoja wao, mwanamume mwenye kovu shingoni, alimwinamia Lwitiko.

"Asante, Fundi, kwa kutupisha."

Watu wengine wote walisimama kwenye mstari mweupe, hatua moja kabla ya sahani ya kwanza. Hakuna aliyewaamuru; makasha yao hayakuwa na tozo ya kuvuka. Walisimama kama watu waliozoea kusimama pale. Mwanamke mmoja mnene, wa miaka kama hamsini na minane, akatoka mbele yao, akawaita wabebaji wasubiri. Akavua kitenge chake cha juu, akamrushia yule mwenye kovu.

"Mfunikie hicho," alisema. "Kule juu kuna baridi."

Jeneza likaenda. Mjane akabaki. Nyuma yake wale watu wakaanza kuimba tena, wakiutazama mlima, na waliimba mpaka jeneza lilipopotea nyuma ya miti ya mipaina.

Lwitiko alibaki na kofia mkononi. Ufunguo ulikuwa mfukoni, bado una joto la nguzo. Ndipo alipoelewa alichokifanya.

*

Kesho yake asubuhi alivuka kwenda Bondeni. Hakuwa amefika huko kwa miguu yake, nje ya kazi, kwa miaka mingi. Aliulizia nyumbani kwa marehemu, akaelekezwa kwenye ua uliojaa shuka nyeupe kwenye kamba. Mjane, Sekela, alikuwa anakamua shuka. Alikuwa mfuaji, nyumba za wageni za Mlimani zilimpa nguo.

"Hodi hapa."

"Karibu. Ee! Fundi wa sahani!" Akafuta mikono kwenye khanga. "Shikamoo, kaka. Kuna bomba limekosea?"

"Marahaba, dada. Hakuna. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Keti hapo kwenye ndoo, kiti kilikuwa cha marehemu na sijaweza bado."

Lwitiko akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi? Si wewe uliyetupisha?"

"Ndiyo hilo." Akamweleza habari ya ufunguo na taa za njano. Alimweleza taratibu, bila kujitetea. "Ningeendelea kupima, mngevuka wote bure, na sheria isingevunjwa. Nilikuwa na mizunguko miwili. Nikaikimbia."

Sekela aliikamua ile shuka mpaka ikawa haitoi tone. "Ukakimbia na vile viatu?"

"Nilikimbia."

"Kwa ajili yetu."

"Kwa heshima ya msiba."

Mwanamke alicheka, na kicheko kikamponyoka katikati kikageuka kitu kingine. Alijipangusa macho kwa kiwiko. "Ungekuwa mvivu kidogo tu, kaka, ningemzika mume wangu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka za kambani, tone baada ya tone.

"Angalau mliimba," alisema Lwitiko mwishowe. "Mimi nilipomzika mke wangu tulikuwa saba, pamoja na mchungaji. Gwantwa alikuwa amezaliwa hukuhuku Bondeni. Alikuwa na watu. Sikumwona hata mmoja. Nikasema basi, labda ni mimi. Labda kazi yangu iliwaudhi."

Sekela aliacha kukamua. "Nani kakwambia hatukuja?"

"Niliangalia mwenyewe."

"Uliangalia makaburini! Sisi tulikuwa kwenye mstari mweupe, kaka. Mimi nilikuwepo. Tulisoma pamoja na Gwantwa, alikuwa ananiibia penseli. Tulisimama ng'ambo tukaimba mpaka mvua ikatufukuza."

"Sikusikia."

"Mwezi wa nne, mto umejaa, unanguruma. Ungesikiaje?"

Lwitiko aliinamisha kichwa akatazama bomba la ua, na sahani ndogo chini yake, namba 2207, aliyoifunga kwa mikono yake. Kwa miaka sita alikuwa amelala na ule upweke kama mtu anayelala na jiwe chini ya godoro, akiamini kuwa aliwekewa na watu. Kumbe jiwe lilikuwa la kwake.

Ndipo akasema maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiyasema. "Dada, unapata kiasi gani?"

Sekela alitazama lango, kisha dirisha la jirani. "Mungu wangu. Mzee mzima!"

"Najua."

"Hata marehemu hakuwahi kuniuliza hivyo. Miaka thelathini na mitatu." Lakini alishaanza kutabasamu kidogo, kama binti aliyeambiwa jambo la aibu kanisani. "Wewe kwanza."

Lwitiko akamnong'oneza mshahara wake. Sekela alipiga mluzi uliowarusha kuku.

"Na bado unavaa hilo koti?"

Kisha naye akasema chake, kwa sauti ya chini. Akaleta karatasi za kasha zilizoonyesha kilichokatwa: maji ya kufulia, ndoo kwa ndoo; daraja, kwenda na nguo na kurudi; mzigo; taa; zahanati wakati wa ugonjwa wa mume. Lwitiko akatoa penseli. Alipiga hesabu mara mbili, kwa njia mbili tofauti, kama alivyofundishwa. Kati ya kila shilingi mia alizopata Sekela, sahani zilichukua thelathini na moja. Kisha akapiga ya kwake. Zilichukua nne.

"Umekosea," alisema Sekela.

"Sikosei."

"Basi wao ndio wamekosea."

"Nao hawakosei. Hilo ndilo linalonisumbua. Wewe na mimi tunavuka kwa bei moja, mpaka senti. Ila bei hiyo kwangu ni unywele, kwako ni mguu."

Sekela alizikunja karatasi zake akazirudisha kifuani. "Usiandike jina langu popote. Wenye nyumba za wageni wakisikia nimesema wanachonilipa, kesho nguo atapewa mwingine."

"Sitaandika."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la Gwantwa."

"Na jambo jingine. Wewe ndiye unayetia saini kile cheti, sivyo? Ukikataa sahani zinazimwa?"

"Kuanzia tarehe moja."

"Na zahanati yetu italipwa na nani?" Alimnyooshea kidole chenye povu. "Usije ukatufungia zahanati kwa huruma zako, kaka. Tumeshapata hasara ya heshima zako."

*

Mkurugenzi wa Mapato, Zabloni Msemwa, alikuja mwenyewe kukifuata cheti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, na Lwitiko ndiye aliyemfundisha kushika mizani.

"Shikamoo, mzee wangu. Nasikia miguu bado imara. Nasikia ulikimbia daraja zima na vyuma."

"Marahaba. Wamekwambia na kilichofuata?"

Alimweleza yote ya darajani. Kisha akasema kuwa sahani ni sahihi lakini tozo haina haki. Zabloni hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa kama mtoto anayemsikiliza babu.

"Mzee, wewe ndiye ulikuwepo enzi za wakadiriaji. Mimi nilisimuliwa tu. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga. Walikuja wakahesabu magunia yaliyokuwa yameletwa na wateja, wakasema yote ni yake. Akauza mashine kulipa kodi ya unga wa watu."

"Nakumbuka. Baba yangu alificha cherehani chini ya kuku anayeatamia." Lwitiko alitabasamu bila kutaka. "Siku kodi ya mapato ilipofutwa nilicheza ngoma mtaani. Mimi, nisiyejua kucheza."

"Basi? Leo hakuna anayeingia chumbani mwa mtu. Anayetumia kingi analipa kingi. Bwana Mahenge mwenye nyumba za wageni anavuta maji kuliko mtaa mzima wa Bondeni."

"Anavuta mara kumi ya mfuaji mmoja. Na anapata mara mia. Zile fedha zinazobaki sahani haiwezi kuzijua, Zabloni, kwa sababu hazitembei. Zimelala ndani. Sisi tumejenga chombo kinachomwona mtu anapotembea tu, na maskini ndiye anayetembea kila siku."

Zabloni akauliza polepole, "Umejuaje anachopata Mahenge?"

"Nimejumlisha. Vyumba vyake vinahesabika."

"Na mfuaji?"

Lwitiko alikisogeza cheti kando.

"Umeuliza," alisema Zabloni. Alisimama akaufunga mlango. "Mzee, mimi sijasikia kitu. Lakini hebu tuseme umeandika. Kwenye Baraza la Jimbo watakuuliza, nani huyo? Ukimtaja, umevunja ahadi na yeye atafukuzwa kazi. Usipomtaja, ni porojo za mzee anayestaafu. Na ukishasema tu kwamba umeuliza, Sheria ya Staha inachukua kiinua mgongo chako. Utakula nini?"

"Ugali. Nimeuzoea."

"Usinitanie."

"Sikutanii, mwanangu. Niachie cheti mpaka kesho saa tatu."

Mlangoni Zabloni aligeuka. "Kama ni darajani tu," alisema, "tungeweza kuomba msamaha wa tozo siku za misiba. Jambo dogo. Wangekubali bila makelele."

Lilikuwa wazo jema, na Lwitiko alilitamani kama mtu anavyotamani kivuli. Angestaafu na jina lake, na koti lake, na misiba ingevuka. Lakini alipokaa peke yake aliona shuka za Sekela. Wangemruhusu kuzika bure, kisha kesho yake angeendelea kulipa thelathini na moja kwa kila mia ili aishi.

*

Asubuhi alikirudisha kiti cha pili mezani. Akalitundika koti lake hapo, akaketi kwenye kile cha kwanza, akaandika.

Cheti alikitia saini kwanza. Swali lake lilikuwa moja: je, kila sahani humtoza kila mtu kwa kipimo kimoja? Ndiyo. Hilo lilikuwa kweli, naye hakuwa mtu wa kuiita kweli uongo hata kama inamuuma. Zahanati ingelipwa.

Kisha akavuta karatasi nyeupe. Sheria ya waasisi, waliokuwa na hofu ya sahani kuchezewa, ilisema kuwa barua yenye lakiri ya Fundi Mkuu lazima isomwe barazani mbele ya jambo lingine lolote, na nakala yake ibandikwe darajani siku saba. Kwa miaka arobaini hakuna fundi aliyewahi kuitumia. Lwitiko aliandika kwa mkono wake uliosimama wima, ule wa masomo ya jioni:

*Waheshimiwa wajumbe,*

*Sahani zote ni sahihi. Nimezipima mwenyewe, na cheti nimekitia saini.*

*Sasa nasema nisichoulizwa. Mimi, Lwitiko Kyando, hulipwa na jimbo hili shilingi laki nane na nusu kwa mwezi. Kati ya kila mia ninayopata, tozo zote huchukua nne. Karatasi zangu za kasha za mwaka mzima zimo humu ndani.*

*Nilimuuliza mtu mwingine anachopata. Kosa hilo ni langu peke yangu, maana aliyeulizwa hakuanza. Jina lake sitalitaja hata mkininyima kiinua mgongo. Kwake ni thelathini na moja. Msiniamini. Kila mjumbe na achukue karatasi zake mwenyewe na kipato chake, apige hesabu nyumbani kwake, aiandike hapa chini ya jina langu. Kisha tukawaombe watu wa Bondeni, atakayependa, aandike bila jina. Tukiona tofauti, tuzungumze namna ya kumtoza mtu kwa kadiri ya uwezo wake bila kumhesabia kuku. Baba zetu walionewa kwa kuulizwa. Sisi tunaonewa kwa kutoulizwa.*

*Mke wangu alizikwa na watu saba. Watu wake wa Bondeni walikuwa ng'ambo ya mto, wakiimba, wakizuiwa na chombo nilichokipima mimi. Nimelijua hilo juzi.*

Aliisoma mara moja. Alitaka kuongeza sentensi ya kujieleza, akaiacha. Akaikunja karatasi mara tatu, akawasha mshumaa ingawa jua lilikuwa limejaa dirishani, akadondosha lakiri nyekundu, akaigandamiza kwa muhuri wa shaba ambao jioni angeukabidhi. Nta ilipoa upesi. Alisubiri ipoe kabisa.

Sanduku la barua za Baraza lilikuwa katika nguzo ya daraja, upande wa Bondeni. Lwitiko alishuka kwa miguu, bila vyuma, akakanyaga sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Taa ya kijani ikawaka. Alivuka mpaka kwenye mstari mweupe, akasimama hatua moja nyuma yake, mahali waliposimama wale sitini, akageuka kuutazama mlima. Kutoka pale makaburi yalionekana vizuri, mpaka ule msalaba wa mbao wa Gwantwa aliouchonga mwenyewe. Hakuwa amejua kwamba unaonekana.

Alitazama kwa muda. Kisha akaitia barua katika mdomo wa sanduku. Sanduku liliipima, likakata tozo, ileile inayokatwa kwa kila mtu, likaimeza.